Polepole, Trela na Shemeji Yake

Jina lake la kwenye leseni lilibaki kwenye leseni. Mji mzima ulimjua kwa jina la Polepole, kwa sababu maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye kiti cha pembeni cha gari la shule ya udereva, akiwarudia watu neno hilo. Aliwafundisha makarani, wauguzi, wauza duka na hata hakimu mmoja, ambaye hakuwa na haraka popote isipokuwa kwenye kona. Gari lile lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine yake. Mguu wake wa kulia uliizoea breki ile kiasi kwamba hata alipostaafu, akiwa anatazama televisheni na gari likatokea kwa kasi, aliikanyaga sakafu. Zulia la sebuleni lilikuwa limelika mahali pamoja tu.

Mkewe alishona mapazia. Watu walimwita Mama Mapacha, kwa ajili ya mabinti zao wawili waliokwisha kuolewa siku moja, ukumbi mmoja, ili maneno yaishe kwa mkupuo. Nyumba ilipobaki na watu wawili, wakakumbuka jambo walilokuwa wakilisema tangu ujana wao: wakistaafu, watakwenda ziwani. Hawakuwa na ziwa maalumu. Walitaka maji mengi na viti viwili.

Ndipo Polepole akanunua trela la kulalia safarini. Lilikuwa kijumba kidogo cheupe chenye magurudumu mawili, cha kufungwa nyuma ya gari. Ndani mlikuwa na jiko la gesi, sinki la ukubwa wa bakuli, na meza ambayo ukiikunja vizuri inakuwa kitanda, ukiikunja vibaya inakuvunja kidole. Alilinunua kwa daktari wa meno aliyelala humo na familia yake mara moja tu, kisha hakutaka tena kulizungumzia. Mama Mapacha akashona mapazia ya njano, akayatundika, akasimama mlangoni akiyatazama muda mrefu.

Tatizo lilikuwa geti. Mtu aliyefundisha nusu ya mji kurudisha gari kinyumenyume hakuwa amepima geti la nyumba yake mwenyewe. Trela likagoma kupita. Likabaki nje, ubavuni mwa ukuta, pua yake ikitazama barabara.

Upande wa pili wa barabara palikuwa na duka la dawa. Mwenye duka hakuwa daktari, lakini watu walimwita Daktari na hakuwahi kulalamika. Alivuka barabara na koti lake jeupe, akalizunguka trela, akasema, "Hili litaibiwa."

Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mtu ameze vidonge baada ya kula.

"Litaibiwaje?" Polepole akauliza.

"Gari linakuja kinyumenyume, mtu anashuka, ananyanyua hapa, anapachika pale, anaondoka. Chai yako haijapoa."

Mguu wa kulia wa Polepole ukakanyaga ardhi.

Tangu hapo usingizi ulimpaa. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilimtoa kitandani. Akanunua mnyororo mnene na kufuli kubwa, akalifunga trela kwenye nguzo ya chuma iliyokuwa kando ya ukuta. Haikumtuliza. Akaazima mbwa. Mbwa yule aliingia ndani ya trela, akapanda kitandani, akawa anaamka tu kuwalamba mikono wapita njia, kwa hiyo akarudishwa kwao. Polepole akachukua rangi nyekundu na kuandika ubavuni, kwa herufi kubwa: TRELA HILI LINA MWENYEWE. Asubuhi yake mtu akagonga dirisha la trela na kuomba soda baridi. Akaja mwingine akaomba chipsi. Mwishoni mwa wiki watu wawili walikuwa wamekaa kivulini wakingoja wafunguliwe, na walipoambiwa hakuna kinachouzwa, waliondoka wakinung'unika kuhusu huduma.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuling'oa magurudumu. Trela likakaa juu ya matofali, magurudumu yakaingizwa chumbani, moja upande wa mume, moja upande wa mke. Mama Mapacha alitandika kitambaa juu ya lile la upande wake, akaweka miwani yake na glasi ya maji.

Haikupita siku nyingi, Polepole akatoka asubuhi akakuta tairi la akiba, lile linalofungwa nyuma ya trela, halipo. Mwizi alikuwa amechukua tairi pekee ambalo mwenyewe hakuliingiza chumbani.

Polepole alikaa kwenye ngazi ya mlango wake na kikombe mkononi. Mkewe akatoka, akatazama pale tairi lilipokuwa, akaketi kando yake.

"Baba Mapacha," akasema, "muulize Kimya."

Hapo lazima ielezwe Kimya ni nani. Alikuwa mdogo wake Mama Mapacha, kitinda mimba wa kwao. Alifungwa kwa kile ambacho ndugu zake walikiita mambo ya magari, na hakuna aliyechimba zaidi. Alipotoka, akajipatia meza ndogo chini ya ngazi za jengo moja karibu na soko, akawa anachonga funguo na kutengeneza vitasa. Hakurudia yale ya zamani. Lakini Polepole alishakata shauri kwamba mtu yule asikanyage nyumbani kwake, na mkewe hakugombana naye. Kila Jumamosi alipakua chakula kwenye hotpoti, akakifunga kitambaa, akampelekea mdogo wake kule mezani. Siku ya arusi ya mapacha, Kimya alialikwa, ila kiti chake kiliwekwa nje ya ukumbi, kando ya jenereta.

"Nimuulize nini?" Polepole akasema.

"Yeye alikuwa anayaiba. Muulize yanaibiwaje."

Polepole akamaliza chai yake, ambayo ilikuwa imepoa kitambo. Kisha akaenda.

Alimkuta Kimya ameinamia ufunguo, akiupiga tupa. Alikuwa mwembamba, ana miwani iliyofungwa kwa waya sikio moja.

"Shemeji."

"Shemeji," Kimya akajibu bila kuinua macho.

"Nina trela."

"Nimesikia."

"Umesikia wapi?"

"Watu wanasema. Wanasema mnauza soda lakini hamfungui."

Polepole akajikaza. "Nataka kujua linavyoibiwa."

Kimya akaweka tupa chini. Kwenye ukoo ule, aliyesomea umeme aliulizwa habari za umeme, na muuguzi alionyeshwa vidonda hata arusini. Yeye hakuwa ameulizwa lolote. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Nitakuja kesho," akasema. "Mchana. Siku hizi siendi kwa watu gizani, wanaelewa vibaya."

Alikuja na mkoba wake wa vifaa. Alilizunguka trela taratibu, akapiga magoti, akachungulia chini, akainuka, akaomba kiti. Akakaa akilitazama kama mtu anayepima suti.

"Mnyororo huu alifunga nani?"

"Mimi."

"Umefungwa kwenye nini?"

"Kwenye nguzo."

"Na nguzo imeshikwa na nini?"

Polepole akaitazama nguzo. Alikuwa ameipita miaka yote hajawahi kujiuliza. Kimya akainuka, akaikumbatia, akaing'oa nguzo nzima na mnyororo wake. Akaishika begani kidogo kama mwavuli, kisha akairudisha shimoni na kuikanyagia udongo.

"Kufuli ni zuri," akasema, ili asimvunje moyo.

Kisha akaeleza, bila haraka. Kufuli halimzuii mwizi, linamchelewesha, na akichelewa kuna watu watapita na mmoja wao atauliza. Kwa hiyo kile kikombe cha chuma mbele ya trela, kinachokaa juu ya mpira wa chuma wa gari, kifungwe kufuli lake maalumu, linaloziba kikombe chote. Gurudumu moja libanwe kwa chuma. Namba ichorwe mahali pa siri, chini ya kitanda, ambapo mwizi hatakumbuka kuikwangua. Yale maandishi mekundu yafutwe, kwani hayamtishi mtu, yanamwita. Na la msingi kuliko yote, trela liingie uani, pua ielekee ukutani, mtu akitaka kulivuta alazimike kwanza kuligeuza.

"Geti ni jembamba," Polepole akasema.

"Geti ni la matofali," Kimya akajibu. "Tofali linabomoka."

Wakaanza siku iliyofuata kuibomoa nguzo moja ya geti, Polepole na nyundo, Kimya na patasi. Ilipofika saa ya chakula, Kimya akajifuta vumbi, akakaa kwenye ngazi ya nje. Ndani, Mama Mapacha alikuwa ameweka mezani sahani tatu. Polepole aliingia, akaziona. Viti vya mezani vilikuwa viwili. Cha tatu kilikuwa chumbani kando ya gurudumu, kimebeba nguo. Akaenda, akatoa nguo, akakileta.

"Shemeji," akaita kutokea mlangoni, "chakula kinapoa."

Kimya akaingia. Alivua viatu kwa muda mrefu kuliko viatu vilivyohitaji.

Wakiwa katikati ya chakula, Polepole akauliza, "Uliwahi kuiba la namna hii?"

Mama Mapacha akamkanyaga mguu chini ya meza. Lakini Kimya hakukwazika.

"Moja," akasema. "La kijani. Ndilo lililonifunga."

"Walikukimbiza?"

"Hapana." Akala tonge, akatafuna, akameza. "Lilikuwa limeegeshwa nje ya nyumba ya watu, mchana, wakati watu wamejipumzisha. Nikalipachika, nikaondoka. Nilishavuka mataa ya pili nikasikia mtu anagonga kidirisha cha mbele cha trela. Nikaegesha. Nikafungua mlango. Nikamkuta bibi kizee kakaa kitandani, kavaa viatu, mkoba mapajani. Akaniuliza, tumefika?"

Mama Mapacha akaacha kula.

"Ukamjibuje?" Polepole akauliza.

"Nikamwambia bado."

"Halafu?"

"Akasema basi niendeshe polepole, mgongo unamuuma."

Polepole akatikisa kichwa kukubali. Bibi alikuwa na haki kabisa.

"Alidhani mimi ndiye dereva," Kimya akaendelea. "Watoto wake walimwahidi kumtembeza. Kila mwaka walimwahidi. Ndiyo maana alikuwa anapumzikia humo mchana, ili siku wakiondoka wasimsahau."

"Ungemwacha kituo cha mafuta," Polepole akasema. Hakumaanisha ubaya, alikuwa anawaza kama mwalimu, njia zote zilizokuwepo. "Ungemwacha hapo ukaenda zako na trela."

"Miguu yake ilikuwa mibovu. Na kituoni hapakuwa na pa kukaa. Nikageuza gari. Njiani akauliza kama maua ya bustani ya mjini bado yapo, nikampitisha huko akayaona. Tulipofika kwao, uani askari tele. Bibi akashuka, akawaambia wanipe chai, nimeendesha vizuri."

"Wakakupa?"

"Chai nilikunywa. Nikamaliza, wakanipa pingu."

Akaeleza kwamba mashtaka yalikuwa mawili, la kuiba trela na la kumteka bibi. Bibi mwenyewe aliletwa mahakamani, akasimamishwa mbele, akaulizwa kama anamtambua mshtakiwa. Akasema anamtambua, ni dereva wake, na akamuuliza hakimu wataondoka lini. Hakimu akaahirisha kesi. Mwishowe la kuteka likafutwa, la kuiba likabaki.

"Na lilikuwa la kweli," Kimya akasema. "Niliiba. Na kabla ya hilo niliiba mengine, na yale hayakuwa na bibi ndani."

Mama Mapacha alikuwa akimtazama mdogo wake kana kwamba amevua kofia aliyoivaa miaka yote. "Hukuwahi kutuambia haya."

"Hakuna aliyeuliza, dada."

Mama Mapacha akakusanya sahani, ingawa yake ilikuwa bado na chakula. Baadaye ikasikika cherehani chumbani kwake, ikienda mfululizo. Polepole alipopita mlangoni aliona miguu ya mkewe inakanyaga na gurudumu linazunguka, lakini chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Akatoka nje.

Wakarudi kwenye nguzo. Walipiga nyundo kwa muda, matofali yakidondoka moja moja, kisha Polepole akasema, "Ile jenereta ya ukumbini ilikuwa na kelele?"

Kimya akafikiri. "Ilikuwa na moshi zaidi."

"Pole."

"Nimeshapoa."

Hawakuligusa tena jambo hilo.

Nguzo ya geti ikajengwa upya pembeni zaidi, na saruji ikaanza kukauka. Trela likarudishiwa magurudumu yake, na maandishi yale yakafutwa. Likawa limebaki nje kwa muda, likingoja geti likomae. Asubuhi moja Kimya alikuja mapema, akalala chali chini ya trela, miguu nje, akifunga kile chuma cha gurudumu. Polepole alikuwa bafuni. Daktari akafungua duka lake, akaona miguu, akasikia chuma kinagongwa, akapiga simu polisi.

Polepole alitoka na sabuni bado sikioni. Akakuta askari mmoja mnene amemsimamisha Kimya ukutani, Daktari yuko kando na koti lake, na mkoba wa vifaa umemwagwa chini.

"Mzee," askari akasema, "huyu mtu unamfahamu?"

Miaka yote, swali hilo Polepole alilijibu kwa namna moja. Alisema ni ndugu wa mke wangu, akaweka umbali wote uliowezekana kwenye maneno hayo machache. Kimya alikuwa anatazama chini, akingoja kusikia umbali wa leo.

"Huyu ni shemeji yangu," Polepole akasema. "Nimemwita mimi. Mkimaliza mrudishieni vifaa vyake kwenye mkoba, kwa mpangilio aliokuwa ameviweka."

Daktari akavuta pumzi. "Lakini Mzee, huyu ni mwizi. Anajulikana."

"Najua. Ndiyo maana nimemwita."

Askari akamtazama Polepole vizuri zaidi, na sura yake ikabadilika. Alikuwa mmoja wa wanafunzi wake wa zamani, aliyefeli kuegesha mara kadhaa na kupita siku ambayo eneo lote lilikuwa tupu. Akainama mwenyewe, na tumbo lake lote, akaokota tupa, koleo na bisibisi, kimoja kimoja.

"Mwalimu," akasema akiondoka, "mimi siku hizi naegesha vizuri."

Polepole akaitazama pikipiki aliyokuja nayo, iliyokuwa imesimama nusu barabarani. "Naona," akajibu.

Geti likakomaa, likafunguliwa, na trela likaingia uani kinyumenyume, Polepole kwenye usukani, Kimya nyuma akionyesha kwa mikono, Mama Mapacha dirishani akiwa na uhakika kwamba mmoja wao atakanyagwa. Hakukanyagwa mtu. Wakalifungua garini, wakaligeuza kwa mikono mpaka pua ikaelekea ukutani, kufuli likakaa kwenye kikombe, chuma kikabana gurudumu. Kimya akalitikisa mara moja, akasema hata yeye angelipita akaenda nyumba ya jirani.

Polepole akaridhika sana. Aliridhika kiasi kwamba wiki zikapita, akawa anatoka kila jioni kulitazama, analigusa, anarudi ndani. Mama Mapacha alivumilia. Kisha siku moja alipotoka nje, Polepole alimkuta mkewe ndani ya trela, amekaa kitandani kati ya mapazia yake ya njano. Amevaa viatu. Mkoba uko mapajani.

Alisimama mlangoni, akageuka, akaenda kumtafuta Kimya amletee ufunguo wa kile chuma, kwa sababu wake hakukumbuka alikouficha.

Jambo moja tu lilibaki kumsumbua, nalo lilikuwa nyumba. Trela likiondoka, nyumba inabaki tupu. Siku ya safari, gari limeshafungwa na trela nyuma, alimpa Kimya funguo za nyumba barabarani, mchana kweupe, Daktari akiwa mlangoni kwake.

"Utalala chumba cha mapacha," Polepole akasema. "Bomba la jikoni linavuja, usilikaze sana."

"Nitalitengeneza."

"Usijisumbue."

"Nimeshaliona linavyovuja, shemeji. Siwezi kulala."

Waliendesha kwa mwendo ambao malori ya mizigo yaliwapita yakipiga honi. Ziwani palikuwa na kiwanja cha majani na matrela mengine kadhaa, milango wazi, viatu vimetupwa nje, watu wameenda majini. Polepole alifunga kufuli la kikombe, akabana gurudumu, akafungua viti viwili. Alikaa kwenye chake mchana wote, macho kwenye kufuli, mpaka mkewe akamwambia, "Baba Mapacha, ziwa liko upande wa pili."

Akageuza kiti. Maji yalikuwa mengi kweli. Baada ya muda akavua viatu.

Siku iliyofuata alipiga simu nyumbani.

"Nyumba ipo?"

"Ipo," Kimya akajibu.

"Bomba?"

"Limekauka. Daktari alijifungia funguo ndani ya duka lake leo asubuhi. Wagonjwa wamepanga foleni nje."

Polepole akashika simu kwa mikono yote miwili. "Ikawaje?"

"Akavuka barabara akaja kugonga. Alichukua muda kueleza shida yake, alikuwa anaanzia mbali. Nikamfungulia."

"Kwa nini?"

"Kwa pini ya nywele ya dada. Nitamnunulia nyingine."

"Nauliza kwa nini ulimfungulia, baada ya yale."

"Mlango ulikuwa rahisi sana," Kimya akasema. "Nimemwambia abadilishe kitasa. Nitamfungia kesho."

Walikaa ziwani kupita siku walizopanga. Mama Mapacha alijifunza kuelea. Polepole hakujifunza, lakini alisimama majini hadi magotini na kumwelekeza, na mkewe alipoenda kwenye kina, mguu wake wa kulia ulikanyaga mchanga.

Waliporudi, geti lilikuwa limepigwa lipu na kupakwa rangi, na Kimya yuko uani anatoa majani kwenye mfereji. Begi lake dogo lilikuwa limefungwa, limewekwa karibu na mlango. Alimpokea dada yake mizigo, akamkabidhi Polepole funguo, akauliza kama aondoke sasa hivi au wamshushe jioni.

Polepole alilitazama begi. Kisha akalizunguka trela, akainama, akakwangua kitu kwa ukucha.

"Magurudumu yana tope," akasema. "Leta ndoo."